Nguzo Iliyotega Sikio kwa Jirani

Usiku wa kuamkia leo nimeota nagombana na Bi Somoe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, juu ya nguzo ya mninga niliyochongewa na Fundi Nandonde wa Newala.

"Hilo dude likiinamia kwangu, jiko langu limekwisha," anasema. "Wallahi nalipasua kuni!"

"Pasua uone! Huu ni ukoo wangu, si gogo."

Na kweli ni ukoo. Ni watu waliobebana: bibi chini kabisa, wanawe mabegani, wajukuu juu yao, wote wananuka oili chafu ya kuzuia mchwa. Fundi aliniusia: theluthi iingie ardhini, udongo ushindiliwe mpaka shimo liseme basi, na watu waishikilie hadi zege likauke.

Nachimba. Nachimba, natokea jikoni kwa Bi Somoe, chini ya sufuria ya kunde.

"Umepitiliza," linasema shimo. "Rudi."

Nikarudi. Taabu ikaanzia kwenye theluthi. Bibi wa chini akakunja uso.

"Mimi nizikwe mpaka kiunoni? Huko chini nani ataniletea habari za mtaa?"

"Mimi, bibi. Kila asubuhi, kabla hazijapoa."

"Na za huyu jirani?"

"Hizo ndizo za kwanza."

Akashuka mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeingia bafuni.

Nashindilia. "Bado," linasema shimo. Nashindilia. "Bado." Mara uani kwangu ni uwanja wa mpira, watu wamejaa hadi kwenye miti, wote wanakanyaga udongo kwa mdundo wa ngoma.

"Basi," likasema shimo, likacheua. Tukamwaga zege.

Timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma cha kupimia wima, ikakohoa. "Inaegemea kwa jirani."

"Kwa nini?"

"Wanasikiliza."

Nikatazama. Ukoo mzima umetega masikio ukutani, maana Bi Somoe yuko jikoni anamsimulia shoga yake mambo yangu. Nguzo inazidi kuinama. Zege bado bichi. Bi Somoe akaiona, akachomoa shoka.

"Jirani," nikamwambia, "weka shoka. Njoo uyasimulie huku kwangu."

Mtu wa maneno hakatai wasikilizaji. Akaja, akasimama katikati ya uwanja. "Mnamjua vizuri huyu mwenye nyumba?"

Ukoo wote ukamgeukia kwa pupa. Nguzo ikanyanyuka, ikapita wima, ikamlalia yeye. Mjukuu mmoja akamkanyaga begani.

Bi Somoe hakukimbia. Akatia bega. "Nimeishika! Nanyi mmesimama kama maharusi? Shikeni pande zote!"

Uwanja mzima ukaivamia. Timazi ikatulia. "Wima," ikasema.

Vigelegele! Zege likakauka huku tukisengenyana, na mimi ndiye niliyesengenywa zaidi. Sijawahi kuwa na nyumba iliyojaa namna ile.

Nikaamka. Nguzo bado imelala uani kama tulivyoiacha jana, mimi na Bi Somoe, tulipomaliza kutukanana.

Hodi. Ni yeye, bado amenuna.

"Huna dawa ya kuchua? Bega linaniwaka, sijui nimelala vipi."

Akashusha kanga. Begani pana alama nyeusi ya oili: unyayo mdogo, vidole vitano kamili.

"Leo tunasimamisha nguzo," nikamwambia, "na upande wako wa kushika naujua. Lakini ingia kwanza, Bi Somoe. Mihogo imeiva, njoo tule."