Uzito wa Kiptum

Kiptum, aliyekuwa akipakia magunia ya mahindi pale Rongai, mawili kwa mpigo, alikufa akiwa mifupa na kikohozi. Saratani ya koo haimbakizii mtu hata shingo. Miezi yote ya mwisho alikataa wageni, na neno alilomwachia mkewe lilikuwa moja: "Chesang, usiwaonyeshe. Wanikumbuke nikiwa mtu."

Chesang akaapa. Kazi yake ilikuwa kwenye karakana ya majeneza ya nyuzi za mkonge na mabua ya mahindi, zilizoshindiliwa mpaka zikawa ngumu kuliko mbao, lakini nyepesi, na za kuoza upesi udongoni. Akamtengenezea mumewe la kwake, akamvika suti kwa mikono yake, akafunga kifuniko kwa gundi. Maskini, hakukosea chochote ila kimoja: jeneza la mbao, kama la watu wengine, lina uzito wa kumfichia marehemu aibu ya kukonda.

Siku ya mazishi wanaume sita waliinama, wakajikaza kama wanaoinua ng'ombe. Jeneza likaruka juu, mmoja nusura aanguke chali.

"Ai! Mko na nani humu?" akauliza Kiprugut, kaka ya marehemu, aliyeshika upande wa kichwa. "Mmeacha mzee mochari?"

"Labda ashafika mbinguni, ametuachia kikapu," mwenzake akanong'ona.

Aliyetaka kucheka akameza. Nani hajasikia maiti zilizobadilishwa mochari?

"Ni yeye, shemeji," Chesang akasema.

"Ndugu yangu alikuwa kilo mia! Fungua. Sizikii mtu nisiyemjua kwa shamba ya baba."

Mhubiri akatazama viatu vyake. Chesang akaingia jikoni, akatoka na kisu. Kifuniko hakukigusa. Akaanza kutoboa ubavuni tundu la kupitisha mkono. Nyuzi zikakataa, kisu kikapinda, jasho likamtoka.

"Ingiza mkono. Kile kidole kilikatwa na mashine ya mahindi unakijua. Macho weka huku kwangu."

Kiprugut akapiga magoti, akapapasa. Akakipata kigutu. Vidole vyake vikapanda ndani ya mkono wa koti, vikizunguka kitu chembamba kama mpini wa jembe. Alipoutoa mkono, uso ulikuwa umeporomoka.

"Tokeni," akawaambia wale watano, akilia. "Nitambeba mimi."

Kwa mapenzi tu, jamani. Akaliweka jeneza begani, akatembea nalo peke yake mpaka kaburini, bila hata kusimama apumue.

Na kijiji kizima kikaona kile Chesang alichoapa kukificha.