Mlango Uliokatwa na Projekta

Msimulizi wa habari hii ni mtu mzima, amestaafu, hana haja ya kumpendeza yeyote, na anaapa kwamba kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Atakayemkamata na uongo, hata wa ukubwa wa tundu la sindano, atachukua kofia yake aende nayo. Si kofia ya mchezo. Ni ya kitambaa kizito, na wengi wameimezea mate.

Sasa tuendelee. Asubuhi moja Mama Pindo, mshonaji wa sare za shule, alikuwa kwenye cherehani yake akipinda sketi, mdogo wake alipoingia na mkoba unaoelea hewani. Mdogo wake huyo ni mkunga wa zahanati. Mkoba haukuwa ukielea. Ulikuwa umeshikwa na mkono wake wa kushoto, na mkono huo haukuwa ukionekana, kuanzia begani hadi kwenye kucha, tangu mwaka zahanati ilipofunguliwa. Mkono wenyewe ulikuwepo. Ulifua, ulipika, ulipokea watoto. Watu walishauzoea, ila kwenye shughuli zenye msongamano walimwomba akae upande wa ukutani, asije akampiga mtu kiwiko bila mtu kujua kimetoka wapi.

"Dada, nimetoka kumpima binti yako," Mkunga alisema. "Mtoto ameshageuka. Ni leo au kesho. Na mimi sina pa kumlaza."

Mama Pindo alisimamisha cherehani. Hilo halikuhitaji kuelezwa. Kulikuwa na hospitali kubwa ng'ambo ya daraja, na wajawazito wa mtaa ule walipelekwa huko kwa mkokoteni. Wapo waliofika. Wapo waliojifungulia darajani. Na wapo ambao mkokoteni uliwarudisha wamefunikwa.

Zahanati ilikuwa na chumba cha kujifungulia. Wanawake wa mtaa walibeba mawe na maji ya ujenzi kwa ahadi ya chumba hicho, na mlango wake ulikuwa mwisho kabisa wa jengo, upande wa kushoto. Siku ya ufunguzi ilipigwa video, na video hiyo ilionyeshwa kila mwaka kwenye ukumbi wa shule. Tatizo ni kwamba projekta iliukata ule mlango. Tangu ulipokatwa haukuonekana tena. Pale ulipokuwa pakawa na ukuta mweupe. Ukitega sikio ukutani ulisikia viti vya plastiki vikipangwa, kwa sababu Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na biashara ya kukodisha viti na alihitaji stoo. Ufunguo alikuwa nao yeye, na yeye peke yake ndiye aliyejua pa kuuchomeka.

Aliyeukata mlango kwa mkono wake ni Fundi Picha, mume wa Mama Pindo. Video ilikuwa pana, na kitambaa cha kuonyeshea kilikuwa shuka la kitanda chao. Mwaka wa kwanza picha ilikaa katikati ya shuka nzima nzima, na juu na chini pakabaki mistari myeusi. Mwenyekiti, aliyekaa mstari wa mbele, aliuliza ni nani aliyefariki, na kama hakuna, huo weusi wa nini. Fundi akabonyeza rimoti. Picha ikavimba hadi weusi ukaisha, na yaliyokuwa pembeni yakamwagika nje. Mwenyekiti akabaki katikati, mkubwa, na mkasi wake wa kukatia utepe. Waliomwagika ni wabeba mawe wote, mlango, mkono wa Mkunga, na nusu ya mbele ya mbwa mmoja wa sokoni, ambaye tangu hapo alilishwa kwa kukisia.

Siku hizi macho ya Fundi yalikuwa yameingia ukungu, na projekta ilikaa chini ya kitanda. Mama Pindo aliivuta, akaifuta vumbi kwa kipande cha sketi, akamwambia mumewe amfundishe.

"Kila picha ina uwiano wake," Fundi alianza, kwa sauti ya mtu aliyesubiri kuulizwa miaka mingi. "Yaani upana wake ukilinganisha na kimo. Filamu ile ina uwiano wake, na kitanda kina uwiano wake."

"Na wewe ukaona umvue mkeo shuka, ukalazimisha vilingane."

"Lilikuwa shuka zuri, Mama Watoto."

Walikwenda ukumbini baada ya chakula cha mchana, Mkunga mbele, binti nyuma akiwa ameshika kiuno. Mama Pindo alifunika madirisha kwa vitambaa vya sare, maana mumewe alisema mwanga wa projekta ni mchache na jua halina adabu. Shuka likatundikwa, kebo ikachomekwa kwenye deki ya video. Kwanza walichagua kubana: picha yote ikaingia kwenye shuka, lakini kila kitu kikawa chembamba. Mwenyekiti alipendeza kuliko maisha yake yote. Mlango ulionekana, na ulikuwa wazi, kwa sababu siku ya ufunguzi ulikuwa wazi. Ila upana wake ulikuwa wa kupitisha ufagio. Binti aliutazama, akatazama tumbo lake, akasema kwa utulivu kwamba hapo hapiti.

Wakairudisha kwenye uwiano wake, na ile mistari myeusi ikarudi. Mlango ukanyooka, lakini ulimfika binti magotini.

"Sogeza projekta nyuma," Fundi alisema. "Picha itakua."

"Itamwagika nje ya shuka, Baba Watoto, kama ile ya kwanza."

"Shuka si lako? Na sindano si zako?"

Basi Mama Pindo alishusha vitambaa kwenye madirisha mawili ya nyuma, akakaa chini sakafuni na kuviunga kwenye shuka, kimoja kulia, kimoja kushoto, kwa mishono mirefu isiyo na aibu. Binti alikuwa ameanza kuhesabu pumzi. Projekta ilivutwa hadi karibu na mlango wa ukumbi, juu ya dawati fupi, na kwa kuwa ilikuwa inatazama juu, picha ikawa pana juu na nyembamba chini, kama ndoo. Wakaweka tofali chini ya mguu wake wa nyuma. Picha ikasimama wima. Mlango ukawa mlango.

Mkunga aliangalia upande wake wa kushoto. Mkono wake ulikuwa pale, umekunja ngumi, na ile bangili aliyoivaa siku ya ufunguzi. Aliunyoosha vidole kimoja kimoja, kisha akautumia kumshika binti kiuno, wakaingia.

Mama Pindo alisimamisha video hapohapo. Mwenyekiti aliganda katikati, mdomo wazi, mkasi juu ya utepe. Wanawake wa pembeni hawakuganda. Walisogea kumpisha mjamzito, wengine wakiwa bado na mawe kichwani, wakiwemo waliokwisha kuzikwa. Mmoja wao alikuwa mama yake Mama Pindo, ameshika beseni la maji kama alivyolishika siku ile.

"Mmechelewa," mama huyo alimwambia bintiye. "Maji haya nimeyapasha mara ngapi."

Mama Pindo alimjibu kwamba kulikuwa na tatizo la uwiano. Mama akaitikia kwa kichwa, akamfuata mjukuu wake chumbani.

Kulikuwa na kitanda kimoja, kipya, na mwanga wa asubuhi dirishani. Ndivyo Mkunga alivyosimulia baadaye. Nje, ukumbini, mambo hayakuwa rahisi hivyo. Picha ilitetemeka, ikawa buluu tupu, na maneno yakajitokeza: Hakuna mawimbi. Sauti za chumbani zikakatika. Fundi Picha, ambaye hakuona buluu wala maneno, alisikia kimya kile akajua. Alitambaa hadi kwenye deki, akaipapasa kebo, akaisukuma ndani na kuibana kwa vidole vyote. Picha ikarudi. Akilegeza kidole kimoja, inatetemeka, akikaza, inatulia. Akakaa hivyo, mgongo umepinda, hadi mkono ukafa ganzi.

Kisha mtoto akalia, upande wa kushoto wa picha.

"Ni nani?" Fundi aliuliza.

"Ni mjukuu wako wa kike," Mama Pindo alisema. "Usiachie bado. Hawajatoka."

Walitoka wote watatu. Mtoto alikuwa na vitone vitone mashavuni, kwa kuwa mkanda ulikuwa wa zamani, lakini vilitoka alipoogeshwa mara ya pili.

Jioni hiyo mlango ulionekana tena kwenye ukuta wa zahanati. Mwenyekiti alikuja, akautazama, akaongeza kufuli. Kibao cha ukutani bado kinasema jengo ni juhudi zake, na viti vyake bado vimo ndani. Mbwa wa sokoni amepata kichwa na anawabwekea watu wote sawasawa. Na wajawazito hawapandi tena mkokoteni. Wanakwenda ukumbi wa shule, Mama Pindo anatundika shuka, Fundi anashika kebo.

Habari imeishia hapo, na msimulizi aliipeleka kwa Mama Pindo aisome. Aliisoma yote, sindano ikiwa midomoni. Mkono hakuusemea kitu. Mbwa wala marehemu mama yake hakuwasemea kitu. Alipomaliza alitoa sindano.

"Tofali?" alisema. "Tofali gani, mzee wangu? Matofali ya mtaa huu Mwenyekiti kayamalizia kwenye uzio wake. Pale chini tuliweka kiatu cha mume wangu, na mpaka leo anatembea na kimoja."

Msimulizi alitazama miguu ya Fundi Picha. Ni kweli. Akavua kofia. Mama Pindo aliikunja mara mbili, akaenda nayo ukumbini, akachomoa kiatu chini ya projekta na kuisukuma kofia mahali pake. Kimo kikalingana barabara. Mlangoni tayari kulikuwa na mwanamke mwingine ameshika kiuno, na msimulizi, kichwa wazi, akatumwa kwenda kufunika madirisha.