Balozi wa Mahema

Tangu siku alipoanza kutembea, mama yake alimwita Kiguu na Njia, na wala hakuwa anamsifu. Mama akigeuka kuchukua sufuria, mtoto yuko getini. Akigeuka kuiosha, mtoto yuko nyumba ya tatu anapewa habari za watu. Ndipo mama akanunua kufuli la shaba akalitia getini, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo yake. Lilisaidia kidogo tu, maana mtoto aligundua kwamba ukuta wa nyuma una tofali zilizochomoza. Lakini kufuli halikuondoka. Hadi leo mama ndiye aliyelifunga jioni na kulifungua asubuhi, na ufunguo hakumwachia mtu.

Sasa mtoto alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, na riziki yake ilikuwa ya kukaa mahali pamoja. Aliuza magodoro. Dukani magodoro yalisimamishwa ukutani mpaka yakaziba dirisha, kwa hiyo mchana kutwa alifanya kazi kwa mwanga wa taa. Kuuza alijua, hilo hata bosi wake, mtu mzito wa kusifu, alilikubali. Mteja akiingia kuulizia mto, alitoka na godoro, na mto aliukumbuka akishafika kwake. Ila moyo wa muuzaji haukuwa mle ndani. Saa ya chakula alipanda juu ya paa la jengo, akala huku anatazama vilima vya nje ya mji. Alivijua vyote, kwa sababu siku zake za mapumziko alizimalizia huko.

Tangazo alilikuta kwenye simu akiwa juu ya paa hilohilo. Kampuni moja ya mahema na mabegi ya safari ilitafuta balozi wa chapa: mtu wa kuzunguka milimani, maziwani na misituni mwaka mzima, alale kwenye mahema yao, ajirekodi, awaambie watu alichokiona na alivyolala. Mshahara upo, nauli ipo. Alilisoma, akalirudia, chakula kikapoa. Miaka yote alikuwa anaiota kazi hii, ila hakujua kama ina jina.

"Hii ni yangu," alisema kwa sauti, peke yake. "Wengine watakuja kunisindikiza tu."

Akaanza kazi ya kuitafuta kazi. Alijirekodi kileleni, upepo ukameza maneno. Akarudi alfajiri nyingine, jua likampiga machoni, akaonekana kama mtu anayelia msibani. Akarudi tena, na tena, mpaka video ikakubali. Aliituma, akaendelea kuuza magodoro kana kwamba hakuna kitu. Siku moja simu ikaita: aje ofisini kwa mahojiano ya mwisho.

Kosa lake ni kumwambia shangazi.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake, alikuwa na mdomo usio na breki. Alisikia neno "balozi", na yaliyofuata hakuyangoja. Kufika jioni mtaa mzima ulijua kwamba binti anakwenda kuwa balozi. Fundi cherehani alimsimamisha njiani amchukue vipimo vya suti. Kinyozi alitaka kujua amepangiwa nchi gani, maana ana mdogo wake anahangaikia viza. Mama, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alipongezwa dukani kabla hata hajalipia sabuni.

"Kumbe unakuwa balozi, na mimi nasikia kwa watu," mama alimwambia. Alijitahidi kununa, lakini uso ulikuwa unacheka, na vikombe vya wageni vilikuwa vimeshatoka kabatini.

"Mama, ni balozi wa mahema."

Mama akafikiri. "Mahema ndiyo iko upande gani?"

"Siyo nchi, mama. Hema. La kulala."

Ikabidi aeleze yote, mwanzo mpaka mwisho, na kadiri alivyoeleza ndivyo mama alivyozidi kukunja uso.

"Ngoja nikuelewe," mama alisema. "Unataka kuacha magodoro ukalale nje. Mwaka mzima. Halafu ujipige picha uwaonyeshe watu kwamba umelala nje."

"Siyo kulala nje kwa namna hiyo."

"Kwani kuna kulala nje kungapi?"

Shangazi, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri chai ya ubalozi, alicheka mpaka akajishika mbavu. Mama hakucheka. Alirudisha vikombe kabatini kimoja kimoja, na habari hiyo hakuigusa tena. Kuanzia hapo alimsemesha binti yake mambo ya lazima tu: chumvi imeisha, maji yamekatika.

Ilimuuma sana. Tangu baba afariki walikuwa wamebaki wawili, na nyumba ya watu wawili wasioongea inabana kupita kiasi. Aliwaza kuachana na kazi yenyewe. Aliwaza hivyo kwa muda wa kupiga mswaki, na alipomaliza kusukutua, akaona hapana. Atakwenda. Kama ni kukosa, akose akiwa amefika. Akaliegemeza godoro lake ukutani, akatandika shuka sakafuni ili mgongo uanze kuzoea. Mama alipita mlangoni, akamwona muuza magodoro amelala chini, akaguna, akapita.

Siku ya mahojiano aliomba ruhusa, bosi akakataa. Akauza magodoro mawili asubuhi hiyohiyo, akaomba tena. Bosi akanyamaza, naye akauchukua ule ukimya kuwa ruhusa, akaondoka kabla haujabadilika.

Ofisini alimkuta mwanamke wa makamo, mkuu wa kampuni, amevaa viatu vya kupandia milima vyenye tope la kweli, na pembeni yake meneja wa masoko aliyenyoosha shati mpaka linang'aa. Katikati ya zulia walikuwa wamesimamisha hema.

"Umeuza magodoro miaka sita," meneja alianza kwa kumchokoza. "Leo unatuambia unapenda kulala chini?"

"Miaka sita watu wananieleza wanachokiogopa wakifikiria kulala," alijibu. "Mgongo, baridi, kelele. Mwingine atawaonyesha milima. Mimi nitaanza na mgongo. Akishaacha kuogopa mgongo, mlima ataufuata mwenyewe."

Walicheka, wakaandika. Mkuu akaweka kalamu chini.

"Balozi wetu aliyepita aliacha kazi mapema," alisema. "Mama yake alikuwa anampigia simu analia. Kwa hiyo siku hizi tunampigia kwanza mtu wa nyumbani. Wewe unasikiliza tu, husemi neno."

Namba ya nyumbani ambayo binti aliiandika kwenye maombi yake ilikuwa ya shangazi, na hakuiandika kwa bahati mbaya. Simu ikawekwa spika. Ikaita, ikapokelewa.

"Haloo. Mwenyewe yuko bafuni. Mimi ni wifi yake."

Ilikuwa sauti ya mama. Kumbe shangazi alikuwa kwao, kama kawaida yake, anaoga maji ya watu.

Mkuu alijitambulisha, akataja kazi, akauliza kama anamfahamu mwombaji.

"Namfahamu. Nimemzaa."

"Vizuri, mama. Ni mtu wa namna gani?"

Mama alivuta pumzi, na yote aliyoyafungia ndani siku zile yakatoka. "Huyo? Huyo hakai. Nimefunga geti kwa kufuli, ameruka ukuta. Mvua ikianza watu wanaingia, yeye ndiyo kwanza anatoka. Ukimtuma chumvi anarudi na habari zote za mwenye duka. Wageni anaongea nao kama amezaliwa nao. Na akishika jambo haachii, hata umnunie. Sasa hivi analala sakafuni, na godoro lipo, zuri tu, limeegemea ukuta."

Meneja wa masoko alikuwa anaandika mbiombio. Mama wa watu alidhani anaharibu.

"Na akiipata kazi hii, mama, utamruhusu?"

Kilichosikika ni maji ya bafuni tu. Binti alishika magoti yake kwa mikono miwili. Jibu alilijua, alikuwa ameishi nalo nyumbani siku zote zile.

"Nikisema hapana, mtamnyima?"

"Itabidi tulifikirie."

Maji ya bafuni yalifungwa. "Basi andikeni kwamba nimekubali," mama alisema. "Mimi mwenyewe nitakubali baadaye."

Simu ilipokatwa, binti alilia palepale mbele yao na hema lao, bila kujificha. Kisha akajifuta kwa kiganja, akakaa sawa. "Samahani. Swali linalofuata?"

Jibu lilimkuta dukani, katikati ya kumuuzia bwana mmoja godoro. Alimaliza kwanza kuuza, ndipo akapanda juu ya paa kupiga kelele zake.

Nyumbani alimkuta mama anaanika nguo.

"Nimepata, mama."

"Haya." Mama alikung'uta shuka, akalitundika. Habari ya simu hakuitaja, na binti naye hakuitaja. "Hilo hema lina mlango?"

"Lina zipu."

"Zipu siyo mlango."

Akamaliza nguo zake, akajifuta mikono, akaenda getini. Alihangaika huko kidogo, chuma kikagonga chuma, akarudi na lile kufuli la shaba mkononi.

"Pitisha hapa kwenye vishikio vya zipu, ufunge ukiwa ndani."

"Na geti, mama?"

"Nitafunga komeo. Niliyekuwa namfungia anaondoka."

Mama akalishika pindo la nguo yake, akahangaika na fundo mpaka likalegea, akautoa ufunguo, akamwekea mkononi pamoja na kufuli.

"Safari hii," alisema, "ufunguo ukae kwako."