Bamba la Mbodze

Kazi ya kupima umbo la kokoto haina sifa. Mtu akikuuliza wafanya kazi gani, ukamwambia nachukua jiwe moja moja, nalijaribu kwenye tundu, likipita naliweka huku, lisipopita naliweka kule, atakutazama mara mbili, kisha atakuuliza ulisomea nini hasa. Mbodze alikuwa ameulizwa hivyo kwa miaka ishirini na minne, na siku hizi alikuwa akiwaambia watu yeye ni karani, ili yaishe.

Alikuwa amechoka, tena si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Alichoka na ngazi za maabara pale Ganjoni, alichoka na vumbi la mawe lililomkaa kwenye mistari ya viganja hata sabuni ikasalimu amri. Jioni akitembea kurudi chumba chake cha kupanga mtaani Kuze, magoti yalilalamika njia nzima. Hayo yote aliyamudu. Lililomshinda ni kuchukiwa na watu wa kwao.

Kwao ni nyuma ya Mariakani, na huko ukoo wake ulikuwa na machimbo madogo na mashine moja ya kuvunja mawe, iliyosimamiwa na Kiti, mtoto wa mjomba wake. Miezi minane nyuma, kontrakta aliyepewa barabara moja ya hapa kisiwani alileta maabara kokoto za machimbo mawili, ya kina Kiti na ya watu wengine, zipimwe achague. Mbodze alikwenda kwa mkubwa wake, injinia Dishon, akamwambia, "Injinia, haya ni mawe ya nyumbani. Mpe mtu mwingine."

"Ndiyo maana nataka uyapime wewe, Mama Kache," Dishon akamjibu. "Najua hutapendelea."

Na kweli hakupendelea. Jiwe la barabara linatakiwa liwe nene pande zote, kama kipande cha muhogo wa kuchemsha. Lililo bapa, mfano wa kigae, likikanyagwa na malori hukatika, na lami juu yake huanza kufunguka mashimo. Kwa hiyo kuna bamba la chuma lenye matundu marefu membamba, kila tundu kwa saizi yake ya jiwe. Jiwe likipenya tunduni, hilo ni bapa. Mabapa yakizidi robo ya uzito wote, mzigo unakataliwa. Mbodze alijaribu mawe mia sita na kitu, moja moja, akiligeuza kila moja huku na huku kulitafutia njia, kama sheria inavyotaka. Mawe ya Kiti yalitoka ishirini na nane kwa mia. Alipima tena, ikawa ile ile. Akaandika, akatia sahihi, na Dishon akatia yake chini.

Mashine ya Kiti ilinyamaza mwezi ule ule, maana kazi ile ndiyo waliyokuwa wakiisubiri. Watu thelathini na zaidi wakatawanyika. Tangu hapo Mbodze akienda matangani kwao, akaingia jikoni kusaidia, mazungumzo yalikatika. Kisha mwanamke mmoja alimtoa kisu mkononi kwa upole, akamwambia, "Wewe kaa tu, ni mtu wa ofisi." Kaa tu! Mtu aliyezaliwa nyumba ya pili kutoka hapo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, peke yake, akijiambia moyoni: nilipima kwa mkono wangu, na jiwe halina ukoo. Maneno hayo ndiyo yaliyomfikisha kitandani kila usiku.

Sasa barabara ile ilikuwa imekwisha kukabidhiwa, na kokoto zilizowekwa akiba stoo zilikuwa zitupwe. Maabara ina desturi yake: kokoto zikifika humwagwa chungu, chungu kikagawanywa mafungu manne, mafungu mawili yanayokabiliana yakapimwa, na mawili yakatiwa gunia na kuwekwa, isije ikatokea ubishi. Ubishi haukutokea. Kina Kiti walikubali wakaenda zao.

Jumanne hiyo Rispah, fundi mpya aliyetoka upande wa Kisumu, alipokea bamba lake jipya likiwa bado na mafuta ya kiwandani. Alikuwa ameliomba kwa sababu bamba la zamani lilikuwa la Mbodze, na Mbodze hakuwa mtu wa kuazimisha. Ili ajizoeze, Rispah alichukua gunia lolote katika yale ya kutupwa, akapima asubuhi nzima. Baada ya chakula cha mchana akaja na karatasi yake, uso umemshuka.

"Mama, nisaidie. Nimekosea wapi? Mimi nimepata ishirini na mbili, na daftari lasema ishirini na nane."

Mbodze aliitazama namba ya gunia. Hakuhitaji kuulizwa ni la nani.

"Umekosea mizani," akasema. "Leta nipime mimi."

Akapima. Alijua mwenyewe kwamba alikuwa akipima kwa hasira, kwa hiyo alisimama, akanawa uso, akaanza upya. Kiuno kilimuuma, macho yakamwasha. Rispah alimletea chai, ikapoa mezani. Saa kumi na nusu akapata ishirini na mbili, na nukta kidogo. Kisha akalichukua bamba lake mwenyewe, akayapitisha mawe yale yale, na ishirini na nane ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Walibaki wakiyatazama yale mabamba mawili. Rispah ndiye aliyekwenda kabatini kuleta kipimo cha meno mawili, kile kinachosoma hata unene wa ukucha. Tundu lililotakiwa kuwa milimita saba nukta mbili, kwenye bamba jipya lilikuwa hivyo hasa. Kwenye bamba la Mbodze lilikaribia nane. La pili nalo lilikuwa limepanuka, na la tatu.

"Lakini chuma hakipanuki hivi hivi," Rispah akasema.

Mbodze alikwisha kujua. Mji huu chumvi yake inakula kila kitu, hata misumari ya dari. Kwa miaka ishirini na minne, kila Ijumaa kabla ya kufunga, yeye Mbodze alikuwa akikata kipande cha msasa, akakikunja, akakipitisha katika kila tundu la bamba lile, mara kumi kwenda na mara kumi kurudi, ili kutu isije ikaziba tundu na kumdhulumu mtu. Hakuna aliyemtuma. Aliwacheka mafundi wa maabara nyingine na mabamba yao mekundu kwa kutu. Mizani ilikuja kukaguliwa kila mwaka, na machekeche yalikaguliwa, lakini bamba lenye matundu, nani alikagua? Lilikuwa linang'aa. Bandu bandu huisha gogo, na yeye alikuwa amebandua kwa bidii, kwa nia njema, hadi tundu likaanza kuyaita bapa mawe yasiyo bapa.

Aliona aibu. Angekuwa mvivu, mawe ya Kiti yangepita.

Dishon alisikiliza yote akiwa amevua miwani. Naye alikuwa mtu mzima aliyechoka, wa kutoka bara, amebakiza mwaka mmoja astaafu arudi kwao.

"Mama Kache," akasema polepole, "barabara imekwisha. Na bamba lako lilikuwa kali, halikuwa legevu. Mzigo tulioupitisha ulistahili kupita. Hakuna gari litakaloanguka, hakuna mtu atakayeumia."

"Ameumia tayari."

"Najua. Lakini ukiwaandikia wakubwa barua, wataomba ripoti zetu zote za nyuma. Kila mzigo ulioukataa. Utaweza kusimama mbele ya watu wote hao?"

Mbodze alifikiria mizigo yote aliyoikataa, na uchovu ukamjia mpya, kama mtu aliyeambiwa ngazi alizopanda hazikuwa zake. Alitamani sana kusema basi, tuyaache. Neno lilimfika ulimini.

"Mficha uchi hazai, injinia," akasema. "Naandika mimi. Ukitaka kutia sahihi utatia, usipotaka nitapeleka na yangu peke yake."

Dishon alivaa miwani yake, akaomba karatasi. Walimaliza ile barua pamoja, na ilipofika mahali pa sahihi alitia yake.

Kesho yake mchana Mbodze alikwenda stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari. Alikuwa amesikia kwamba Kiti siku hizi anapakia mizigo kwenye mabasi ya bara, lakini kusikia si kuona. Alimkuta ameinamia gunia la nazi, mgongo umelowa, yeye aliyekuwa akisimama juu ya jabali akiamrisha wanaume thelathini. Alikuwa amekonda. Alipomwona, uso wake ulichanuka, na hilo Mbodze hakulitarajia.

"Dadangu! Salama wewe? Kache hajambo?"

"Hajambo. Kaka Kiti, nina neno. Tukae."

Waliketi juu ya mizigo ya watu, kelele za wapiga debe zikiwapita juu ya vichwa. Mbodze alikuwa amejiandaa njia nzima, akayatoa yote kwa mkupuo: gunia, bamba, msasa, ishirini na mbili. Akampa nakala ya barua. Akamwambia, "Mawe yako yalikuwa mazuri. Niliyekosa ni mimi." Kisha akangoja atukanwe. Alitaka atukanwe, aende akalale.

Kiti aliisoma barua kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipomaliza alianza tena juu.

"Ishirini na mbili," akasema.

"Ishirini na mbili."

"Wajua nilivyofanya baada ya yale majibu?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana, Mbodze ilimbidi asogee. "Watu walikuja na hasira kwa baba. Wakasema Mbodze ametuuza, amekula kwa wale wengine. Mimi nikasimama mbele yao. Nikawaambia, Mbodze simtilii shaka hata siku moja, yule hakosei, tangu utotoni hakosei. Nikawaambia kosa ni langu, niliyabana meno ya mashine vibaya, ndiyo maana mawe yakatoka bapa. Sikuwa nimeyabana vibaya, dadangu. Nilikuwa na hakika. Lakini kwa kuwa wewe umesema ishirini na nane, nikajiambia basi lazima niliyabana. Nikaamini. Ndiyo sababu sijafika nyumbani miezi minane."

Mbodze akakumbuka matanga yote aliyokalishwa peke yake. Wale wanawake wa jikoni hawakuwa wamemtoa kisu kwa chuki. Walimkalisha kama mtu asiyekosea, mtu aliyesemewa maneno mazito na Kiti, na wakaona haya mbele yake kwa kuwa walimshuku. Na huyu aliyemsemea alikuwa amelala miezi minane kwenye stoo ya mabasi, akiubeba ubaya usiokuwa wake, kwa sababu ya heshima yake kwa namba iliyoandikwa na mkono wa Mbodze.

"Nisamehe," akasema. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Kondakta mmoja alimwita Kiti kwa filimbi, basi la Nairobi linapakia. Kiti alisimama. Aliikunja barua mara nne, akaitazama, kisha akamrudishia.

"Mimi nimekwisha kuwaambia watu maneno yangu, na waliyaamini," akasema. "Jumamosi kuna matanga ya mama mkubwa. Wote watakuwepo. Nenda wewe ukawasomee hii. Ukimaliza, nipigie simu uniambie kama naweza kuja."

Akainama, akalitweka gunia la nazi begani, akaelekea kwenye basi.