Mawe ya Foleni na Mashimo ya Angani

Mwaka ule sukari ilipoadimika, foleni ya duka la ushirika pale Bagara ilikuwa ya mawe. Uliweka jiwe lako alfajiri, ukaenda kukaa kivulini, na duka likifunguliwa ulisimama lilipo. Langu lilikuwa la mbele kabisa. Mke wangu, Severine, alikuwa amejifungua binti yetu Hilaria juzi yake, na mama yake alikuwa ameshuka kutoka Mbulu kuja kumpikia uji. Uji wa mzazi bila sukari ni aibu ya mume, na mume mwenyewe ndimi, mwalimu wa sayansi.

Ningenyamaza, ningerudi na sukari. Lakini jirani yangu Ursula aliniuliza nasoma nini, na mimi nikiulizwa swali sina breki.

"Nasoma habari za mashimo meusi ya angani," nilisema. "Yanameza hata mwanga. Wataalamu wanadhani mawili yanaweza kuungana."

"Wapi huko, Mwalimu?"

"Si kila mahali. Yatafute kwenye makundi ya nyota, galaksi kubwa, za zamani, zilizonenepa kwa kumeza nyingine. Kila moja huenda ina shimo lake. Zikigongana, mashimo yanazama katikati na kuzungukana, mpaka yanakuwa moja."

Watu walisogea, kichwa kikanivimba. Chuoni tuliambiwa somo bila zana haliingii, na zana nilizoziona karibu ni yale mawe. Niliyakusanya yote, nikapanga duara mbili, nikazisukuma zikagongana. Walipiga makofi, wenye mawe wakiwemo. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile.

Ndipo Damiani, meneja wa duka, akafungua mlango. "Kila mtu kwenye jiwe lake!"

Tulilitazama lile fungu. Ghafla kila mtu alikuwa ndiye wa kwanza. Zogo lilipotulia, kina mama walikubaliana jambo moja tu, kwamba Mwalimu awe wa mwisho. Sukari iliishia kwa Ursula, aliyekuwa mbele yangu.

"Shikamoo, Mama," nilimsalimu mama mkwe nilipofika nyumbani.

"Marahaba, Baba Hilaria. Sukari iko wapi?"

Nilieleza yote, pamoja na galaksi. Severine alinisikiliza huku akinywa uji usio na sukari, akaumaliza bila kunilaumu. Heri angenitukana. Niliona haya mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Mama mkwe alikipokea kikombe. "Kesho nitakwenda mimi," alisema. "Wewe baki na mtoto. Mbembeleze tu, usimfundishe kitu."