Jino Lililotupiwa Jua

"Na hilo jua lako limempa nini mwanangu?" Consolata alikuwa ameshapandisha sauti sisi tulipotoka kusikiliza, kanga vifuani, mwenye mwiko na mwiko wake. "Si pengo tu?"

Turkiya, jirani yake wa ng'ambo ya uchochoro, alikuwa kasimama mlangoni kwake na ufagio, anajibu taratibu kama anayembembeleza mgonjwa. Alisema jino analeta Mungu, si bati wala jua.

Kisa chenyewe mtaa wetu wote wa Nguvumali unakijua. Brightness, binti wa Consolata, alipokuwa chekechea alikimbia kwenye baraza la Turkiya lililokuwa na povu la sabuni, akaangukia mdomo kwenye ngazi ya saruji. Meno mawili ya mbele ya juu yakang'oka. Moja lilifungwa kwenye leso, na mama yake akamnyanyua alirushe juu ya bati, aombe jipya, kama wanavyofanya kwao Lushoto. La pili halikuonekana. Kesho yake Turkiya akaliokota akifagia, akamwita mtoto, wakalitupia jua pamoja huku wanacheka, kama bibi yake, Mwarabu wa Kimanga, alivyomfunza. Likaangukia mtaroni, maji yakaenda nalo. Siku ile hata Consolata alicheka.

Sasa mtoto yuko darasa la kwanza. Jino la bati limeota, jeupe, pana kama mbegu ya boga. La jua, ufizi mtupu. Daktari wa meno alisema ufizi uligangamala pale ulipoumia, wavute subira. Lakini nani amsikilize daktari, na shuleni wanamwita mtoto Pengo, naye kajifunza kucheka kiganja kiko mdomoni?

Consolata alitaka kitu kimoja tu: Turkiya akiri mbele yetu kwamba kamharibia mtoto. Turkiya akasema hilo hakiri. Mtoto kamwogesha, kamlisha, akiwa na homa kamlaza kifuani pake. Amharibie vipi?

"Ungekuwa umezaa," Consolata akasema, "usingelichezea jino la mtoto wa mwenzio."

Mimba zilizomtoka Turkiya tunazijua sote, na aliyekuwa akimshika mkono hospitali ni huyo huyo Consolata. Brightness ndiye aliyekuwa akiijaza nyumba ile. Turkiya akaegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe.

Tangu hapo mtoto akakatazwa kuvuka. Jioni alikaa ngazini kwao akilitazama baraza la pili, na sisi, Mungu atusamehe, tukapata la kusema, wengine upande huu, wengine upande ule. Iddi ikaja ikapita, hakuna sahani iliyovuka uchochoro.

Jino likatokea baada ya Iddi. Limekaa upande, lina doa la kahawia kama la chai. Consolata alilitazama asubuhi nzima, na mchana akamshika mtoto mkono, akavuka naye. Aliyekuwa anafua akaacha kufua.

Turkiya alikuwa ndani, mlango wazi, sinia la wali na mchuzi wa changu liko mkekani. Mtoto akaamkia shikamoo kwa sauti ndogo. Mama yake akamwambia apanue mdomo. Tulingoja neno samahani, halikutoka.

"Limeota," Consolata akasema.

Turkiya akainua kidevu cha mtoto, akalipapasa lile jino kwa kidole. Mtoto akamkumbatia shingo, wakakaa hivyo kitambo.

"Mashaallah," Turkiya akasema. "Zuri."

Miaka yote Consolata hakuwahi kukaribishwa katika nyumba ile. Alikuwa akiingia tu, anafunua sufuria mwenyewe, anasema chumvi haijakolea, na wenyewe wakiitana shoga. Sasa alisimama kizingitini na viatu vyake mguuni, hajui aingie au arudi.

Turkiya akamkalisha mtoto mkekani, akamnawisha mikono, akamsogezea mnofu usio na miba. Halafu, bila kuinua uso, kwa sauti ile anayomkaribishia msoma mita wa maji:

"Karibu chakula, mama Brightness."