Robo Saa ya Kuwaka

Laptopu ndogo ya baba ilikuwa inachukua robo saa kuwaka, nami nilichoka kuitazama. Jumamosi nikahamishia mafaili yake kwenye flashi, nikafuta mfumo wa zamani, nikaweka mwingine mwepesi, Linux. Ikawaka kabla sijakohoa mara mbili.

Baba akainamia kioo papo hapo. Mama akaguna. "Umetuharibia, mwanangu. Ilipokuwa inajivuta, ndipo baba yako alipokuwa anaongea na mimi."

Nikawaka mimi sasa: nimeinama siku nzima, mgongo unaniuma, halafu hata asante sipati!

Baba akaizima laptopu, akaifunika, akavuta kiti karibu na mama.

"Fundi," akaniambia, "bado nzito hii. Tuipe robo saa."